Kumwinua Dumuzi

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Gia hutoka nje na kandambili zake na fulana ya kulalia, akaenda moja kwa moja kwenye pikapu. Hagusi mlango wa dereva. Huzunguka upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, akainama na kuvuta kile chuma kilicho chini ya kiti, akakisukuma kiti nyuma mpaka kikagota. Hukirudisha mbele, kisha nyuma tena. Huteremsha kioo kiasi cha upana wa kiganja. Baada ya hapo hufunga mlango na kuupiga kofi moja la kirafiki, ndipo hurudi ndani kudai chai yake.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkunga, alikuwa akimwangalia kupitia dirisha la jikoni huku anakoroga uji. Alikuwa amemwangalia hivyo tangu enzi za lori, alipokuwa akimwona akifanya yale yale kwenye mlango mrefu zaidi. Hakuwahi kumuuliza sababu.

Si kwamba hakutaka kujua. Walipooana, yeye alikuwa bado anasomea uuguzi na Gia anaendesha lori la saruji, na mwezi wao wa kwanza ulipita kwa ugomvi mtupu. Gia akirudi nyumbani anataka kuambiwa nani kajifungua, kajifungua nini, na mbona leo mmechelewa kutoka. Mke naye anataka kujua kwa nini lori linakohoa, na kwa nini mtu mwenye macho mawili asiione njia ya mkato. Mwisho wakawekeana mkataba wa mdomo, nusu mzaha nusu kweli: mambo ya leba ni ya mke, mambo ya gari ni ya mume, na hakuna kuulizana. Ila kwa kuwa wote wawili wana huruma, waliachiana swali moja moja la akiba, la kutumika mara moja tu maishani.

Gia alilimaliza la kwake mapema. Siku binti yao alipozaliwa, aliingiza kichwa mlangoni mwa wodi akauliza, "Ni kawaida kulia namna hii?"

"Mtoto ametulia, baba," muuguzi wa zamu akamjibu. "Anayelia ni wewe."

Swali likawa limekwenda na maji. Mama Mkunga mwenyewe hakuwa na kumbukumbu nyingi za siku ile. Kuhusu safari ya kwenda hospitali alichokumbuka ni harufu ya saruji tu. Lakini swali lake la akiba alilitunza vizuri, kama mtu anavyotunza nguo ya sherehe, akingoja siku itakayolistahili.

Pikapu ile ilikuwa ya kabini pana, yenye viti vya mbele na vya nyuma, ndefu kiasi kwamba kuigeuza mtaani kulihitaji subira ya majirani. Waliipa jina la Dumuzi, yule mdudu mla mahindi, kwa jinsi ilivyotafuna mafuta. Gia aliinunua alipostaafu, na kazi aliyoifanya nayo haikuwa na jina maalumu. Alibeba chakula cha kuku, mabati na makochi ya watu wanaohama. Na simu ya Mama Mkunga ilipolia kutoka mashambani, ng'ambo ya korongo, alitupa chini chochote alichokuwa amebeba, akaenda kuchukua mama mjamzito na kumleta kituo cha afya.

Tatizo lilikuwa korongo. Katikati yake pamelala jiwe lenye mgongo wa kobe. Kiangazi unaliona na kulikwepa kidogo, lakini mvua zikija, maji hulifunika na kingo huwa tope tupu, nawe huna pa kupita ila juu yake. Msimu uliopita Dumuzi alikaa juu ya jiwe hilo kama kuku juu ya mayai, magurudumu yanazunguka bure, na mama aliyekuwa kwenye kiti cha mbele hakungoja. Alijifungulia pale pale. Mtoto alikuwa mzima, anatambaa sasa, na kijiji kizima kinamwita Abiria. Watu walicheka sana. Gia peke yake hakucheka.

Mwaka huu aliyekuwa ng'ambo ya korongo na ujauzito wa miezi minane alikuwa binti yao wenyewe.

"Njoo ukae huku kabla mvua hazijaanza," Mama Mkunga alimwambia kwenye simu.

"Na kuku wangu, mama?"

"Mumeo si yupo?"

"Mkweo anaogopa jogoo, mama. Anawarushia chakula kutoka dirishani. Nitakuja siku zikitimia. Kwani baba hana gari?"

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, na Gia aliyasikia hayo akiwa amekaa na kikombe chake. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akamtazama Dumuzi kwa muda mrefu.

"Namwinua," alisema mwishowe. "Inchi sita. Na matairi ya kufika hapa." Akajigusa mbavuni.

Mama Mkunga alifungua mdomo, akaukumbuka mkataba, akaufunga.

"Kesho nakusindikiza gereji," alisema. "Na usinitazame hivyo. Sijauliza kitu."

Fundi wa springi aliitwa Kijiti. Jina alilipata utotoni na likakataa kumwachia, ingawa sasa alikuwa na tumbo lililotangulia kufika kila alikokwenda. Uwanja wake ulikuwa na sakafu ya saruji iliyolowa oili na kibanda cha bati. Matairi yalirundikwa mpaka usawa wa paa. Pembeni lilisimama gari la mwenye machimbo ya mawe, pikapu kubwa kama Dumuzi, iliyotoka tu kuinuliwa. Ilisimama kama mtu aliyepandisha suruali kuvuka maji.

"Mzee wangu Gia!" Kijiti alipiga kelele. "Leo umekuja na mkaguzi?"

"Nimekuja na mke wangu."

"Si ndiye huyo huyo."

Gia alikuwa ameshaganda mbele ya gari la machimbo. "Hivi ndivyo nitakavyo mimi," alisema. "Hivi hivi, usipunguze kitu."

Kijiti alimweleza. Mbele springi mpya, ndefu na nene. Nyuma vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, kama mtu anavyowekea kabati matofali. Shokapu ndefu ili zifike. Matairi yenye meno ya kung'ata tope. Gia aliitikia kila neno, kisha akaomba ruhusa ya kupanda. Alijivuta juu kwa mikono miwili, akakaa nyuma ya usukani, akatazama mbele.

Na Mama Mkunga, aliyekuwa chini akimtazama, alimwona yule kijana wa lori la saruji. Mabega yalirudi nyuma. Shingo ilinyooka. Tangu astaafu alikuwa akilalamika kwamba barabarani sasa anaona matako ya malori tu, na mke alidhani ni utani. Sasa alielewa kwamba mtu huyu alikuwa amemisi kuwa juu. Ikamwia vigumu kusema aliyokuja kuyasema. Lakini alimfikiria binti yake, na miguu mifupi ambayo binti huyo aliirithi kwake.

"Kijiti mwanangu," alisema, "hebu panda upande wa abiria."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Ndiye mwenye tumbo hapa."

Mafundi wote waliacha spana zao. Kijiti alifuta mikono, akafungua mlango, akanyanyua mguu.

"Usiruke," Mama Mkunga alisema. "Wajawazito wangu hawaruki. Mkono mmoja weka kiunoni. Haya. Sasa uchungu umekubana. Usishike mlango, unayumba. Pumua."

"Mama, nashika wapi sasa?"

"Ndiyo nangoja nione."

Kijiti alipapasa hewa, tumbo likagonga kizingiti, mguu uliokuwa chini ukateleza kwenye oili, akaketi kwa kishindo juu ya rundo la matairi.

"Hongera, mama mzazi!" sauti zikatoka kibandani. "Kajifungua tairi!"

Hata Gia alicheka, kisha akajikaza. "Tutaweka ngazi pembeni," alisema.

"Ngazi ni jambo jema," mkewe alikubali. "Sasa twende mpaka barabara kuu na kurudi. Gari hili limetoka tu kuinuliwa, linahitaji kujaribiwa."

Mama Mkunga alipandishwa kwa kusukumwa, akapewa kikombe cha chai ya fundi kilichojaa nusu, akakishika mapajani. Kijiti aliendesha, Gia akakaa nyuma. Gari liliruka kila kishimo na kutua kama gunia. Kwenye kona liliinama na kufikiri kidogo kabla ya kunyooka. Waliporudi uwanjani, kikombe kilikuwa kitupu na blauzi ilikuwa imekunywa chai yote.

"Kona ya kwanza mtoto katoka," Mama Mkunga alisema akijipangusa. "Kona ya pili katoka pacha wake. Nawe Kijiti, hujui hata ushike usukani au umkinge mtoto."

"Springi hizi ni ngumu, mama, kwa ajili ya kubeba mawe," Kijiti alijitetea. "Mawe hayalalamiki."

Gia hakucheka safari hii. Alishuka, akafunga mlango polepole, akasimama kati ya gari la watu na gari lake.

"Sasa unataka nifanye nini?" alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Nibaki vile vile? Nikae tena juu ya lile jiwe, safari hii na mwanangu ndani? Kila anayeniona ananiuliza habari za Abiria kama vile nilifanya mzaha. Nilikuwa nimeshika usukani na sikuweza kitu, mama. Sikuweza kitu."

Kwa mara ya kwanza Mama Mkunga alijua ni kitu gani hasa mumewe alikuwa akikinunua pale, na kwamba hakikuwa urefu. Swali lake la akiba lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Alilirudisha.

Fundi yeyote mwenye akili, wanandoa wakianza kusemeshana, huingia chini ya gari. Kijiti alikuwa amefanya hivyo hivyo. Alikuwa amelala chali chini ya Dumuzi, tumbo likikaribia kugusa chesisi, anajifanya anatafuta nati.

"Mzee," sauti ilitoka chini. "Hebu njoo uone."

Gia alisita, kisha akalala naye. Mama Mkunga aliinama akaona nyayo zao nne tu, na kusikia kidole kikigonga chuma.

"Hapa kuna vumbi la mwaka juzi," Kijiti alikuwa anasema. "Hapa kuna hata utando wa buibui, anaishi kwa raha zake. Bampa safi. Chesisi safi. Sasa tazama difu." Lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma lilikuwa limechunwa chini, mkwaruzo mweupe. "Jiwe lako halijawahi kugusa kitu kingine, mzee. Ni hapa tu."

"Difu," alisema Gia.

"Nami naweza kukuwekea springi mpaka uguse waya za umeme. Difu haitajua. Springi huinua bodi; difu imekaa na magurudumu."

Gia aliyajua hayo, maana alikuwa ameishi na magari maisha yake yote. Alikuwa tu hajayakumbuka, kwa sababu alilala na inchi sita na kuamka nazo.

"Kwa hiyo zile inchi sita zingeniinua mimi," alisema polepole. "Jiwe lingebaki na difu yake."

"Ndiyo hivyo, mzee."

"Ebo!" Na ghafla akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyelala chali, kinachotikisa gari. "Mama! Umesikia? Nilikuwa nataka kupanda kiti wakati aliyekwama ni meza!"

Alipotoka chini alikuwa na oili kisogoni na uso mwingine kabisa. Sasa alianza kuchagua kama mtu anayechagua, siyo kama anayeota. Aliyaviringisha matairi ya kimo mbalimbali, akayasimamisha moja moja karibu na la Dumuzi, akapima tofauti kwa vidole. Jiwe, alisema, lilikuwa linaizidi difu kwa vidole viwili, si zaidi. Alikuwa amelala kwenye maji siku ile akachungulia na anajua. Na kwa kuwa nusu tu ya nyongeza ya tairi ndiyo huiinua difu, nusu nyingine ikibaki juu, alitafuta tairi linalozidi la zamani kwa vidole vinne. Likapatikana.

"Hili la meno makali?" Kijiti aliuliza.

"Hilo litalia kama nyuki njia nzima ya lami. Nipe la kati. Lishike tope lakini liache watu wasikilizane."

"Na springi?"

"Laini. Uziinue inchi mbili tu, ili tairi likikata kona lisitafune madigadi. Na ngazi pembeni, na mpini wa kushika ndani ya mlango." Akamgeukia mkewe. "Nimesahau kitu?"

"Mimi tena? Mambo ya gari ni yako."

"Dumuzi atakula zaidi na haya matairi, mzee," Kijiti alionya.

"Kwani lini aliacha kula?"

Kazi ilipokamilika, usukani ulipozungushwa mpaka mwisho, tairi la kushoto lilikwaruza plastiki ya ndani. Kijiti aliikata kwa kisu, akaipiga moto kidogo, ikanyooka. Kisha, bila kuambiwa, akazunguka upande wa abiria, mkono kiunoni, mguu kwenye ngazi, mkono kwenye mpini, akapanda akakaa.

"Nimepona, mama," alisema kupitia dirishani. "Mtoto mpeni jina langu."

"Na akiwa wa kike, aitwe Kijiti?"

"Atanenepa nalo tu, kama mimi."

Mvua zilianza kama mtu aliyepigiwa hodi vibaya, kwa hasira. Siku kadhaa baadaye, wakati wa uji, simu ililia, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa mkwe.

"Mama, anasema zimetimia. Anasema nisihofu. Mama, mimi nina hofu."

"Mwambie atembee tembee. Nawe kaa chini."

Gia alikuwa ameshamaliza mambo yake na ule mlango. Walipofika korongoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanashuka kwa kasi ya wastani, na jiwe halikuonekana. Gia alisimamisha gari, akashuka, akaingia na fimbo mpaka magotini, akapima, akarudi. Aliweka gia nzito. Mama Mkunga alikumbatia mkoba wake wa kazi na kukitazama kidevu cha mumewe.

Dumuzi aliingia. Maji yakapiga milango. Upande mmoja ukapanda, ukakaa juu, na wote wawili wakabana pumzi wakingoja ule mkwaruzo walioujua. Mama Mkunga alitaka sana kuuliza kama wamelipita. Alijiuma mdomo.

Upande ule ukashuka. Matairi yakang'ata tope la ukingo, yakateleza, yakang'ata tena, wakawa juu.

"Limepita," alisema Gia, na akakohoa ili mtu asimsikie sauti.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, anashika fremu, anampa mumewe maagizo kati ya uchungu mmoja na mwingine.

"Jogoo umtazame machoni. Usimkimbie. Akija... subiri." Akainama, akapumua, akanyooka. "Akija, piga mguu chini. Baba, shikamoo. Hiyo ngazi mpya?"

"Marahaba, mwanangu. Panda taratibu."

Gia alinyoosha mikono amsaidie, lakini hapakuwa na haja. Mguu kwenye ngazi, mkono kwenye mpini, akapanda mwenyewe. Kiti kilikuwa kimeshasogezwa nyuma mpaka mwisho. Kioo kilikuwa kimeshuka upana wa kiganja, na gari lilipoondoka upepo ulimpiga usoni, akafumba macho, akanyoosha miguu yake mifupi yote.

"Huku raha," alisema.

Mama Mkunga alikuwa nyuma yake, magoti yamebanwa na kile kiti, mkono mmoja begani kwa mwanawe. Alitazama chini. Chuma cha kusogezea kiti kilikuwa kinang'aa kwa kuguswa, wakati kila kitu kingine ndani ya Dumuzi kilikuwa kimefubaa. Alikitazama mpaka walipovuka korongo kwa mara ya pili, na aliendelea kukifikiria mpaka kituo cha afya.

Mtoto alizaliwa mchana, ndani, kitandani, kama watoto wa watu wengine. Alikuwa wa kike, na mwenye sauti. Gia aliingiza kichwa mlangoni, akatazama, akakitoa, na Mama Mkunga alipotoka alimkuta kwenye benchi la nje, anajifuta macho kwa kofia.

Alikaa karibu naye. Mvua ilikuwa imepungua, na mbele yao Dumuzi alikuwa anachuruzika tope.

"Nataka kulitumia swali langu," alisema.

Gia aligeuka. "Lile la akiba?"

"Lile lile."

"Fikiri vizuri, mama watoto. Ukilitumia ndiyo basi. Miaka yote hii umelitunza, usije ukaniuliza bei ya mafuta."

"Ule mlango wa abiria, kila asubuhi. Na kile kiti, mbele na nyuma. Ni kwa nini?"

Gia alivaa kofia, akaivua, akaiweka gotini.

"Siku nilipokupeleka kumzaa huyu, kiti cha lori kilikwama," alisema. "Ulikwenda njia nzima umejikunja. Tangu siku hiyo, nikiamka, nahakikisha kinarudi nyuma."